Jicho Halifungwi Nira

Dar es Salaam
Jumapili, 11 Februari 1996

Mama Sayi,

Mwangaluka. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke Nkololo, na leo ndiyo mara ya kwanza nashika kalamu nikiwa na jambo la kukufurahisha.

Mwili sina ugonjwa, nina uchovu tu. Kazi ni ile ile ya kubeba zege kwa karai. Tangu ruhusa itoke kila mtu afungue biashara yake, mji huu unajengwa kila kona, na kila mwenye duka anataka ghorofa. Kile kinu cha pamba cha Bariadi kilitupunguza kwa sababu ya mabadiliko haya haya, na sasa mabadiliko haya haya yananilisha. Mimi nimeacha kuyalaumu.

Tunajenga duka la miwani la dada mmoja anaitwa Bi Nancy. Amesomea macho. Kuna siku alikuja kukagua ukuta, akaniona nimefunga mabaki ya miwani yangu kisogoni kwa mpira wa tairi la baiskeli.

"Kaka, hiyo ni miwani au mkokoteni?"

Nikamwambia, "Dada, bila mpira inaanguka kwenye zege, na nikiinama kuitafuta naanguka na mimi."

Alicheka, halafu akaniita kwenye duka lake la zamani, akanipima kwa mashine. Kumbe sasa kuna lenzi zinazovaliwa ndani ya jicho lenyewe. Si kioo. Ni kiduara laini, hakina rangi, ukikishika ni kama ule utando wa juu wa maziwa yaliyochemshwa. Zimeanza kuletwa toka nje. Alisema wenye ofisi watavaa na kukaa kwenye feni, yeye anataka kujua zitakuwaje kwa mtu anayetoka jasho kwenye vumbi mchana kutwa. Huyo mtu ni mimi. Sitoi kitu, ila kila Jumamosi naenda anikague na kumweleza ukweli.

Mama Sayi, siku ya kwanza nilitoka nje nikasimama barabarani kama mjinga. Kunguru alikuwa juu ya nguzo ya umeme, na nilimwona mdomo. Miaka yote, hata kwa miwani, nilijua kunguru ni sauti na doa jeusi. Joakim, mwenzangu tunayelala chumba kimoja, anatoka Kigoma, nilimwambia, "Kumbe una kovu kwenye nyusi!" Akasema, "Umekaa na mimi nusu mwaka, ndiyo leo unanisalimia."

Sasa unajua ninalotaka kusema. Julai iliyopita kule Kasoli miwani yangu ilianguka katikati ya ngoma, mpiga ngoma wetu mwenyewe akaikanyaga, na mimi ningi wa Bagika, kundi letu la ngoma la Nkololo, kiongozi ninayetakiwa kuwavuta watu waje upande wetu, nikamalizia wimbo mzima nikicheza mbele ya lori la pamba nikidhani ni umati. Umati ulikuwa nyuma yangu unahamia kwa wapinzani wetu Bagalu huku unacheka. Sikuondoka nyumbani kwa ajili ya kazi tu. Niliondoka kwa sababu ya lile lori.

Julai hii nitacheza bila miwani, na nitawaona wote, mmoja mmoja.

Shida ipo moja. Asubuhi lenzi ni laini, huijui kama ipo. Ikifika saa sita inakauka, inakamata jicho kama utando wa maziwa uliogandia kwenye kibuyu. Lakini nitazoea. Usimwambie mtu kwanza. Nitunzie usinga wangu wa uongozi.

Ni mimi,
Mwandu

*

Nkololo
4 Machi 1996

Baba Sayi,

Mhola duhu, sote tu salama. Barua nimeisoma mara nyingi, na Sayi nimemsomea. Anauliza kama ukilia hicho kitu kinatoka. Nimemwambia baba yako halii.

Umeniambia nisimwambie mtu. Nilinyamaza wiki nzima, na wewe unajua hiyo kwangu ni kazi ya trekta. Halafu mganga wetu, Guku Masunga, akapita hapa kukagua dawa za ngoma kama kawaida yake, akauliza, "Mume wako ataona lini, au mwaka huu tumtafutie trekta la kuchezea?" Baba Sayi, ningenyamaza wewe ungenioa kwa nini? Nikamwambia, "Mwandu amepata kitu pwani, anakiweka ndani ya jicho, anaona mdomo wa kunguru."

Nilikosea hapo kwenye "kitu". Guku akasimama. Akaniuliza kina rangi gani. Nikasema hakina. Kinakaa wapi usiku. Nikasema kwenye chupa yenye maji yake. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wa mwenzake akamkubali. Kufikia jioni Nkololo nzima ilijua Mwandu amepata samba ya macho, dawa ya kuvuta watu kwa kuwatazama tu. Kufikia mnada wa Jumamosi ilikuwa imefika Kasoli. Januarius, yule ningi wa Bagalu aliyewachukua watu wako, amesafiri kwenda kutafuta dawa ya kuizuia. Mke wake kaniona sokoni akafunika uso wa mtoto wake kwa khanga. Mimi nikamwangalia tu. Sikumwambia ni samba, na sikumwambia si samba.

Kwenye bahasha utakuta unga kidogo kwenye karatasi ya daftari. Ni Guku. Anasema uchanganye na maji ya hiyo chupa ili kitu chako kitambue ngoma yetu. Alinisimamia mpaka nikafunga bahasha. Mimi nimetuma kama nilivyoagizwa, la kufanya utajua mwenyewe mwenye jicho.

Usinga upo, unaning'inia pale pale juu ya kitanda.

Wale watoto wa kisimani bado wanaimba ule wimbo wa Bagalu, "Mwandu kaposa lori, lori likakataa." Nimezoea. Siku hizi nawasaidia kiitikio, wanaona haya wanaacha.

Nyamizi

*

Dar es Salaam
24 Machi 1996

Mama Sayi,

Nimecheka mpaka Joakim akaamka. Mwambie Guku wabeja sana, unga umefika na umefanya kazi. Ukweli ni kwamba umekwenda kwenye shimo la chokaa. Bi Nancy amenikataza hata maji ya bomba, nikimwambia habari ya unga ataninyang'anya lenzi na kunifukuza na karai langu.

Nakueleza mazoezi yangu. Jioni tukimaliza kazi napanda juu ya ghorofa ambalo halijaezekwa, Joakim anapiga ndoo ya simenti, mimi nacheza. Unajua sheria aliyoniachia baba: ningi anamkazia macho ningi wa upande wa pili na hapepesi. Akipepesa, ameshindwa, na watu wanaona. Zamani nilikuwa nakazia ukungu tu, ilikuwa rahisi. Sasa namkazia Joakim namwona mpaka kope, na yeye anasema natisha.

Ila wimbo wa tatu haujaisha, macho yanawaka. Lenzi inakauka, naona kama kupitia kioo chenye mafuta, halafu jicho linakwaruza kana kwamba mtu amenipulizia mchanga. Bi Nancy amenipa matone ya kulainisha. Yanasaidia muda mfupi tu. Ngoma ya Kasoli ni tangu mchana mpaka jua linazama, na vumbi la Julai unalijua.

Kwa hiyo nimeamua kufanya kama tunavyomfanya ndama anayefundishwa plau. Ukimfunga nira asubuhi ukamfungua mchana, kesho anakusumbua upya. Unamwacha nayo shingoni, anakula nayo, analala nayo, mpaka shingo inaikubali. Nitafanya hivyo. Bi Nancy anasema nizitoe kila usiku, lakini yeye hajawahi kufundisha maksai.

Nisalimie wote. Athanasi, mpwa wangu, asiache mazoezi ya miguu, anachelewa kugeuka kushoto.

Mwandu

*

Dar es Salaam
28 Aprili 1996

Mke wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya pamoja na mtoto wetu. Dhumuni kubwa la barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya njema na kazi zinaendelea vizuri. Mvua zimekuwa nyingi huku Dar es Salaam. Usiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Wasalimie wazee na majirani wote.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Mwandu

*

Nkololo
13 Mei 1996

Baba Sayi, na wewe Joakim unayemsomea,

Joakim, mwandiko wako ni mzuri na nakushukuru. Lakini mume wangu hajawahi kuniita mke wangu mpenzi. Hata siku alipoleta ng'ombe nyumbani kwetu hakuniita hivyo. Na "buheri wa afya" hawezi kuitamka akiwa mzima, sembuse kuiandika. Mwambie mama Sayi anauliza: jicho moja au yote mawili?

Baba Sayi, na mimi nikwambie langu, maana nimelificha na limenichosha. Machi nilikuandikia usinga upo. Ulikuwepo. Siku chache baadaye walikuja wazee wa ngoma, Guku Masunga mbele. Tangu Julai walikuwa wananong'ona kuwa ningi asiyeona ni mzigo; sasa wakasema ningi mwenye dawa ya pwani ni hatari, haijulikani atamvutia nani. Wakaona bora usinga apewe Athanasi. Yule yule Guku aliyekutumia unga! Nikamuuliza, "Guku, si ulisema unga wako utafanya kitu chake kitambue ngoma yetu?" Akasema unga ulikuwa wa kukijaribu.

Nikaingia ndani nikautoa usinga ukutani. Wakadhani nawaletea. Nikauweka kwenye kigoda, nikaukalia. Nikawaambia, "Anayeutaka aje autoe hapa." Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Huyu mwanamke!" Nikamwambia, "Ndiyo, huyu." Nikaendelea kuchambua mchicha mpaka chai yao ikapoa wakaondoka. Wametoa muda: uchumaji wa pamba ukiisha kama hujarudi na macho yako, wanamsimika Athanasi, usinga au bila usinga.

Tangu siku ile nalala nao chini ya godoro. Sayi anautazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Sikuolewa na macho, Baba Sayi. Kama yameharibika niambie. Lakini usiniandikie tena kwa mdomo wa mtu.

Nyamizi

*

Dar es Salaam
26 Mei 1996

Mama Sayi,

Mwandiko huu ni wangu, unaona mistari inavyopanda mlima. Ni jicho la kulia. La kushoto lilivimba tu likapona.

Nililala na lenzi usiku baada ya usiku, kama nilivyokuambia. Mwanzoni nilijisifu. Halafu asubuhi moja nikaamka jicho la kulia halifunguki. Nikalifungua kwa vidole, mwanga ukaniingia kama mwiba. Nilikwenda kazini hivyo hivyo na karai kichwani, mpaka Joakim alipomwita Bi Nancy. Lenzi ilikuwa imekauka imeshika jicho. Aliilowesha kwa matone muda mrefu, akaitoa polepole, chini yake kulikuwa na kidonda. Akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa macho. Daktari akasema ningechelewa kidogo ningebaki na jicho moja.

Kisha Bi Nancy akanigombeza mbele ya mafundi wote.

"Kaka Mwandu, nilikuambia uzitoe usiku!"

"Nilikuwa nalizoesha, dada."

"Unalizoesha nini? Jicho si ng'ombe! Halifungwi nira! Usiku ndipo linapumua."

Lakini lililonimaliza si hilo, ni lililofuata. Alitaka kujua kwa nini zinanikaukia upesi kuliko watu wengine aliowapa. Akaniambia nimwonyeshe ninavyocheza. Nikacheza kidogo pale pale kwenye mchanga. Akasema, "Simama. Hupepesi." Nikamweleza sheria ya baba. Akaniambia kila unapofumba na kufumbua, kope inaipaka lenzi machozi, kama mtu anayemwagilia bustani. Ukikaza macho umefunga bomba. Hakuna matone yatakayonisaidia kama sipepesi, na kwenye vumbi ndiyo zaidi.

Basi, Mama Sayi. Ningi hapepesi. Anayevaa lenzi lazima apepese. Na miwani iliishia chini ya mguu wa mpiga ngoma, mabaki yake hayafai ngoma. Nimezungusha hili kichwani kila siku tangu hapo, sioni mlango.

Lenzi amezichukua mpaka kidonda kipone kabisa. Anasema atanirudishia, jicho litakuwa zima. Nashukuru. Lakini macho ya kuchezea Kasoli sina. Mpe Athanasi usinga. Umpe wewe mwenyewe kwa mkono, wasije kuuchukua. Heri niache kwa kuutoa kuliko waniimbie tena.

Kile kigoda ulichowekea usinga ukaukalia, usikiuze. Kikae nyumbani kwetu siku zote.

Mwandu

*

Nkololo
16 Juni 1996

Baba Sayi,

Usinga sitoi. Soma barua hii polepole, na kama jicho linauma Joakim akusomee, hii anaruhusiwa.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Nikafikiri: baba mkwe alikataza kupepesa kwa sababu anayepepesa anaonekana ameogopa. Anaogopa kwa sababu anapepesa peke yake. Je, wakipepesa wote?

Jumapili iliyopita baada ya misa niliwaita wapiga ngoma na wachezaji, na sisi wanawake tunaoitikia nyuma, kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Nikawaambia ngoma kubwa ikidondoka na kunyamaza, wote tuinamishe vichwa, tufumbe macho, tukae hivyo vumbi lishuke. Kimya. Ngoma ikipanda tena, vichwa juu, macho wazi, wote kwa pamoja. Wakauliza ni kwa nini. Nikasema ndivyo Mwandu anavyotaka. Nisamehe kwa hilo, nililisema kabla hujalitaka.

Mara ya kwanza tulikuwa kama kuku. Mara ya tano, Baba Sayi, kulikuwa na wanawake wamekuja kusaga mahindi. Wakaacha madebe yao. Mashine ikazimwa, mwenye mashine akatoka mlangoni akiwa mweupe kwa unga. Tulipofumba macho nilisikia uwanja mzima umeshika pumzi. Tulipofumbua, mama mmoja alirudi nyuma akasema, "Mayu wee, wamenitazama!" Watu thelathini wanakufumbulia macho kwa mpigo mmoja. Huko kukaza macho kwenu hakujawahi kumrudisha mtu nyuma hivyo.

Sasa tunafanya kila jioni. Kwenye kila wimbo ngoma inadondoka mara nyingi, nimehakikisha mwenyewe na mpiga ngoma, yule yule aliyekanyaga miwani yako. Anapiga kwa bidii kama mtu anayelipa. Bagalu walimtuma kijana aje kuchungulia. Amerudi kuwaambia watu wa Nkololo wakifumba macho wanaita kitu, na Januarius anasema itabidi na wao wafumbe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wacha wafumbe. Safari hii watalichezea wao lile lori.

Guku Masunga anawaambia watu ndiye aliyeoteshwa jambo hili. Nimemwachia. Ila jana alikaa karibu na mimi akasema chini chini, "Mayu, usinga ukae kwako." Kwa Guku hiyo ni hotuba ndefu.

Athanasi ndiye anayeongoza kwa sasa, mikono mitupu. Nilimuuliza kwa siri kama anautaka usinga. Akasema, "Mama, mimi nageuka kushoto nikichelewa. Mjomba arudi." Nadhani anautaka, lakini hautaki hivi. Ni mtoto mzuri, baadaye utampa wewe.

Siku imepangwa. Jumamosi tarehe ishirini Julai, Kasoli, uwanja ule ule. Wanunuzi wa pamba mwaka huu ni wengi, kila kampuni ina mizani yake na lori lake, na watu watatoka mpaka Meatu.

Fumba macho, ufumbue, uje.

Nyamizi

*

Dar es Salaam
30 Juni 1996

Mama Sayi,

Nimeisoma mwenyewe, bila Joakim. Halafu nikamsomea yeye, naye akataka kuoa Nkololo.

Sina maneno ya kwenye barua za watu waliosoma, kwa hiyo nasema tu: baba angekuona kwenye ule uwanja wa mashine angenyamaza. Kwake hiyo ndiyo sifa, hakumnyamazia mtu mwingine.

Bi Nancy amenirudishia lenzi, mpya, zile za kwanza amezitupa. Kidonda kimepona, ameniwekea taa akaangalia sana. Usiku nazitoa, naziosha kwa maji yake, nalala na macho yangu matupu kama mtu mwingine yeyote. Asubuhi nanawa mikono kwa sabuni mpaka mafundi wananiuliza kama nakwenda kupasua mtu.

Tumefanya kama ulivyosema. Joakim anapiga ndoo, akiacha nafumba, nahesabu pumzi mbili, nafumbua. Mara ya kwanza ilinikera, niliona kama namkimbia mtu. Lakini unapofumba unasikia machozi yanasambaa kama maji yanavyoingia kwenye jaruba la mpunga. Unapofumbua dunia imeoshwa. Jana Jumamosi nilicheza tangu mchana mpaka jua linazama, kwenye vumbi la simenti, Bi Nancy amekaa juu ya tofali ananiangalia. Mwisho akanipima. Lenzi zilikuwa na unyevu. Akasema, "Kaka, nani amekufundisha hivi?" Nikamwambia, "Mke wangu." Akasema, "Amesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye mashine ya kusaga." Ameandika mahali ili awaambie wateja wake wasiokumbuka kupepesa. Siku akikutana na wewe nataka niwepo.

Nimechoka, Mama Sayi, mabega yamekuwa kama si yangu. Lakini tangu jana natembea mjini huku nimeinua kichwa, na watu wananipisha njia bila kujua kwa nini.

Sikiliza. Kule Kasoli najua lori la pamba litakuwepo, pengine hata matatu. Kuna watakaotaka kuliondoa uwanjani kwa kunionea huruma. Wakatae. Waambie liachwe pale pale lilipokuwa. Nataka ngoma idondoke, nifumbe macho, nifumbue, nilione ni lori, kisha nigeuke kwa watu.

Napanda treni ya Jumanne tarehe tisa Julai. Nikishuka Shinyanga nitachukua basi, na Ijumaa tarehe kumi na mbili nitakuwa stendi ya Bariadi. Njoo na Sayi, na uje na usinga mkononi, usiufunike. Msimame mbali, huko mwisho kwenye maduka. Msinipungie mkono wala kuniita. Nitawaona.

Mwandu